Msaada: nikiwasha padi ya PS4 niiunganishe na simu, inaamka PS ya bosi ukuta wa pili

Mtoto wa Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada kabla sijafukuzwa kazi.

Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, jioni nasimamia kibanda cha gemu cha kaka mmoja, mechi moja shilingi mia tano. Mwezi uliopita wateja walikuwa wa kuokoteza, bosi akanipa nusu ya hela yangu na padi mbili za PS4 zilizochoka, akaniambia "nyingine utaimalizia humo, uza." Sijauza. Nimeona bora nizitumie kwenye simu, na nina sababu.

Simu ilinidondoka kwenye zege pale Sabasaba nikishuka daladala. Ukiitazama utasema nzima, mstari mmoja tu mwembamba, ila kona ya chini kulia haisikii kidole kabisa. Eneo la ukubwa wa kiberiti hivi. Fundi kioo kasema elfu themanini na tano. Simu yenyewe nilinunua mkononi laki na tisini, kwa hiyo hapo nikamwambia nitarudi, na wote wawili tukajua sirudi.

Sasa mimi gemu langu ni PES, lile la mpira, ya kwenye PPSSPP, ile app ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu. Nikiilaza simu, ile kona iliyokufa inaangukia pale pale kwenye duara la kumwendesha mchezaji. Naanzisha mpira, mtu wangu anasimama katikati ya uwanja kama mlingoti wa bendera, wenzake wanampita. Padi ndiyo ingeniokoa.

Nimewasha Bluetooth, nikabonyeza batani ya PS ile ya katikati. Taa ya padi inapepesa taratibu, kisha inatulia. Nafurahi, naangalia simu: hakuna kitu. Usiku wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Usiku wa tatu umeme wa mtaa ulikuwa umetulia, hakuna muziki wa jirani, nikabonyeza nikasikia ng'ambo ya ukuta "tii!" Chumba changu na kibanda vinatenganishwa na tofali moja. Padi ilikuwa inaenda kuamsha PS ya bosi.

Na PS yetu hatuizimi kabisa, tunailaza tu. Tena tumeiwekea isilale yenyewe, maana mteja akitoka kununua maji akirudi akakuta imelala anadai mechi upya. Ikiamka usiku inakesha. Bosi kafungua asubuhi mara mbili kaikuta inawaka, kila mara kanikata elfu mbili ya LUKU eti nimesahau. Mara ya tatu alikuwa ameilaza yeye mwenyewe kwa mkono wake. Sasa ameanza habari za majini.

Simu ni Android 11, RAM 3. Nifanyeje?

Padi Mbili

😂😂 Majini yanayocheza PES saa nane usiku.

Mkuu umebonyeza batani moja, zinatakiwa mbili. Ile padi ina kichwa kigumu: inakumbuka mwenyewe mmoja tu, wa mwisho. Ukibonyeza PS peke yake inamtafuta huyo. Hata ungeenda nayo Kongwa ingemtafuta huyo huyo, tofauti tu kwamba isingemfikia.

Izime kwanza: shikilia PS kama sekunde kumi mpaka taa ife. Halafu shikilia SHARE na PS kwa pamoja. SHARE ni ile ndogo ya kushoto, siyo OPTIONS ya kulia, wengi wanapotelea hapo. Usiachie mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka, mbili-mbili: pa-pa, pa-pa. Ile ya polepole uliyokuwa unaiona maana yake "natafuta nyumbani." Hii ya haraka maana yake "natafuta mchumba." Hapo ndipo simu itaiona, jina itaandika Wireless Controller.

Turbo Dom

Root simu kwanza mkuu, yaani ifungue kufuli za mfumo wake, halafu shusha app ya Sixaxis. Bila root padi za Sony hazikubali.

Fundi Redio

Kijana wa Turbo, hiyo dawa ni ya ugonjwa mwingine. Root na Sixaxis ilikuwa kwa padi za PS3 enzi zile. Yeye ana ya PS4, na Android kuanzia 10 inazitambua zenyewe. Usimwambie mtu mwenye simu moja a-root simu usiku.

Mleta mada fuata aliyosema Padi Mbili. Ikigoma, geuza padi uangalie mgongoni karibu na L2, kuna kitundu kidogo. Zima PS ya bosi kabisa, ingiza kijiti chembamba au ile pini ya laini, bonyeza sekunde tano. Padi inasahau kila kitu. Kisha anza upya na SHARE na PS.

Na kwa kuwa ni padi za kibandani, kabla ya yote chukua brashi ya mswaki mkavu usugue tundu la chaji. Mimi niko Majengo, nafungua vitu vya watu kila siku, na nakuambia vumbi la Dodoma kuanzia Julai mpaka mvua haliingii kwenye padi, linahamia.

Mzee wa Zabibu

Nimesoma haraka nikaona "nikiwasha padri." Nikajiuliza kanisa gani hili.

Vijana nauliza na mimi. Nina mjukuu Mpwapwa, ana hizo za PS3, ameletewa na mjomba wake. Anasema simu yake haizioni kabisa hata afanye nini. Na yeye abonyeze hizo mbili?

Binti Kondoa

Shikamoo mzee wangu. Hapana, ya PS3 haina SHARE, ina SELECT na START, na haina hali ya kutangaza kama vifaa vingine vya Bluetooth. Yenyewe inaoana kwa waya: unaichomeka kwenye mashine, mashine inaiandikia anwani yake ndani, basi. Simu haiwezi kuifanyia hivyo kirahisi.

Ila mjukuu anunue kipande cha OTG, upande mmoja kinaingia kwenye simu, upande wa pili kina tundu la USB kubwa. Achomeke padi kwa waya, kisha abonyeze PS mara moja ili iamke. Simu nyingi za Android zinaikubali namna hiyo. Waya wake ni ule wa kichwa kinene kifupi, mini-USB, kama wa kamera za zamani. Wa simu hauingii.

Mzee wa Zabibu

Marahaba binti. Waya huo ninao, wa redio. Nitamtumia kwa basi.

Mtoto wa Nkuhungu

Wakuu naleta mrejesho wa kwanza. SHARE na PS imefanya kazi! Taa pa-pa pa-pa kama mlivyosema, ng'ambo ya ukuta kimya. Simu yangu nimeiweka Kiswahili, nikaenda "Oanisha kifaa kipya", na Wireless Controller hiyo hapo, nikaigusa.

Likaja dirisha linauliza kama nataka kuoanisha. Kushoto GHAIRI. Kulia OANISHA.

Chini kulia.

Nimeigusa ile OANISHA kwa kidole gumba, kwa kidole cha shahada, kwa pua. Padi inasubiri, inachoka, inazima. Nimefanya mara sita.

Padi Mbili

Kwa pua 💀

Mnyaturu Halisi

Si uzungushe simu tu? Washa ile ya skrini kujizungusha, ilaze, dirisha litahama. Hata kwenye PES ungeigeuza simu kichwa chini, kona mbovu ihamie juu.

Mtoto wa Nkuhungu

Mnyaturu kwenye PES nilishafanya, PPSSPP inakubali kugeuza. Kona inahamia juu kulia, na hapo ndipo inapokaa R. Mtu wangu sasa anatembea popote lakini hakimbii. Unapata kaunta, uko peke yako na kipa, unamwendea kwa mwendo wa harusi.

Kwenye dirisha la kuoanisha simu yangu haizunguki, nimejaribu, sehemu ya setingi inabaki wima.

Fundi Redio

Una mausi ya kompyuta? Hata ya kuazima. OTG hiyo hiyo aliyotajiwa mjukuu, chomeka mausi, kwenye skrini utaona mshale. Mausi hajali kioo kimekufa wapi, maana hapiti kwenye kioo. Bofya OANISHA, kazi imeisha. Unafanya mara moja tu. Baadaye ukibonyeza PS padi inakuja kwenye simu yenyewe.

Nawatolea hivi picha na namba za simu wateja ambao kioo kimekufa chote. Watu hudhani simu imekufa, kumbe kilichokufa ni ngozi.

Angalizo: kuna simu OTG inakuja imezimwa, utafute kwenye setingi neno OTG uiwashe, na zingine zinaizima tena zenyewe ukikaa dakika kama kumi bila kuchomeka kitu. Usije ukasema nimekuuzia mbovu.

Turbo Dom

Au anunue tu simu nyingine.

Binti Kondoa

Turbo leo umeamkaje?

Mtoto wa Nkuhungu

MREJESHO. Mausi nimeazima stesheneri ya jirani, nimeacha kitambulisho. OTG nimepata kwa machinga elfu tatu. Mshale ukatokea, nikaenda mpaka kwenye OANISHA, klik. Taa ya padi ikatulia. Nimezunguka chumba.

Kabla sijafungua gemu nikashika mishale ya padi nikaona inatembeza kivuli kwenye skrini ya simu, naruka kutoka app moja hadi nyingine, X inafungua. Kumbe padi inaendesha hata simu yenyewe! Nimefungua WhatsApp kwa padi ya PS.

Sasa maswali. Moja: kwenye PPSSPP inakubali ila vile viduara vya skrini bado vipo vinaziba uwanja. Mbili: analogi ya kulia haifanyi chochote, nimejaribu trik zote. Tatu: nikivaa zile spika za masikioni za Bluetooth, napiga shuti, linatoka baadaye. Nne: padi ya pili nayo imeunganika ila mchezaji anaelekea kushoto mwenyewe, hata nimeiweka kitandani.

Padi Mbili

Hapa ndipo nyumbani kwangu, ngoja nikae.

Viduara: nenda setingi za PPSSPP, Controls, zima On-screen touch controls. Uwanja wote unakuwa wako. LAKINI wewe subiri. Kabla hujazima ingia Control mapping, tafuta mstari wa Pause, uupe batani usiyoitumia, mfano ile ya kubonyeza analogi ya kulia, R3. Usipofanya hivyo, ukitaka kutoka kwenye mechi utaanza kutafuta kona za kugusa, na kona zako tunazijua.

Hapo hapo kwenye Control mapping kagua moja moja. Simu za Android za zamani, kabla ya 10, zilikuwa zinachanganya batani za hii padi, unabonyeza X inafanya kazi ya mraba. Kwako sitegemei, ila kagua.

Analogi ya kulia: siyo padi, ni PSP. Ile mashine ya Sony ilikuwa na analogi moja tu, kushoto, na juu L na R, hakuna L2 wala R2. PPSSPP inaiga PSP, na PES unayocheza iliundwa kwa mashine ile. PES ya mwisho rasmi kutolewa kwa PSP ni ya 2014. Hizo zenye jezi mpya na majina ya msimu huu ni za watu wameshona upya juu ya gemu la zamani. Kwa hiyo padi yako ina viungo ambavyo gemu halivijui. Zile trik za analogi ya kulia mlizozoea kibandani huku sahau. Ila sasa hizo batani zilizobaki bure usiziache: R2 nimeiwekea kuharakisha gemu, napita marudio ya magoli ya watu. L2 nimeweka kusevu gemu. Mwenzangu mmoja hapa Area C kaweka R na R2 zote kuwa kukimbia, anasema kidole chake kimezoea R2.

Fundi Redio

La tatu na la nne nijibu mimi.

Spika za masikioni: sauti ya Bluetooth huchelewa yenyewe, hata bila padi, hivyo ulichosikia siyo shuti kuchelewa, ni mlio wa shuti. Ila na padi nayo iko kwenye Bluetooth, na kama una Wi-Fi ya GHz 2.4 nayo iko mtaa huo huo wa mawimbi, wote wanapita mlango mmoja. Tumia spika za waya ujaribu. Bado ikichelewa, tumia padi kwa waya kupitia OTG. Waya hauchelewi, na padi haiishi chaji, isipokuwa itaila simu yako, maana itachaji kutoka humo. Na uwe waya wa data. Hizi za buku mbili nyingi ni za chaji tu, ndani zina nyuzi mbili badala ya nne. Padi itawaka taa ya chaji na simu haitaiona, utalaumu padi bure.

Padi inayoelekea kushoto: chini ya ile analogi kuna kijisahani cha kaboni na kidole cha chuma kinachosugua juu yake. Kikilika, au vumbi likikaa, padi inaamini unasukuma kushoto. Kwa padi ya kibandani, iliyochezewa mechi ngapi sijui kwa siku na watoto wanaoikanyaga wakifungwa, sahani imelika. Unaweza kupuliza na kupaka spiriti safi ukizungusha analogi mara kadhaa, wakati mwingine inapona mwezi mmoja. Kubadilisha ni kuchomelea miguu kumi na kitu, niletee Majengo au mpelekee yeyote mwenye mkono mtulivu.

Bila kutoa hela: kwenye PPSSPP, setingi za analogi, kuna Deadzone radius. Iongeze kidogo kidogo mpaka mtu asimame. Maana yake unaiambia programu ipuuze msukumo mdogo wa pale katikati. Ukizidisha mchezaji atakuwa mzito kuondoka, kwa hiyo kidogo kidogo.

Mnyaturu Halisi

Naomba nidandie. Mimi nina padi ya Xbox One, nimenunua Singida mjini kwa jamaa, elfu arobaini. Nashikilia ile batani ya juu ya kuunganisha mpaka taa ya X inapepesa haraka, simu haioni. Nimepigwa?

Binti Kondoa

Inategemea ni ya lini. Za kwanza za 2013 hazina Bluetooth kabisa, zina mawimbi ya Xbox yenyewe tu. Zilianza kuwa na Bluetooth 2016 zilipokuja na Xbox One S. Angalia plastiki inayozunguka batani ya X. Kama ni kipande kimoja na uso wote wa padi, ina Bluetooth. Kama pale juu kuna kipande cha pembeni kinachong'aa, kimeungana na batani za mabegani, LB na RB, na unaona mstari wa kuungana chini ya X, hiyo haina.

Mnyaturu Halisi

Kinang'aa.

Binti Kondoa

Pole. Ni orijino lakini, hujapigwa sana. Itumie kwa waya na kompyuta.

Chilonwa Boy

Mimi natumia iPhone, ya dada, tusiulizane. Na nina padi ya PS5. Inawezekana?

Binti Kondoa

Inawezekana. iPhone zilianza kukubali padi za PS4 na za Xbox zenye Bluetooth kuanzia iOS 13, mwaka 2019. Ya PS5 ilingoja iOS 14.5, 2021. Kwenye ya PS5 SHARE inaitwa Create, ni ile ya kushoto yenye vimstari. Shikilia hiyo na PS mpaka taa za bluu pembeni ya kile kipande cha kugusa zipepese. Chuo chumbani kwetu tuko wanne, tunazo mbili, tunapokezana.

Turbo Dom

Sawa leo nimeharibu, sasa niulize vizuri. Gemu za bunduki, PUBG na COD (Call of Duty)?

Padi Mbili

Call of Duty: Mobile inakubali padi ya PS4 rasmi, una sehemu yake kwenye setingi. Mambo mawili: padi inafanya kazi mkiwa ndani ya mechi tu, menyu zote unagusa kwa kidole (mleta mada, kona!), na utapangiwa na wenzako wenye padi, siyo wa vidole. Ni haki.

PUBG Mobile rasmi haikubali. Zipo programu za kulaghai, unaweka batani ya padi juu ya sehemu ya skrini na yenyewe inaigiza kidole. Zinafanya kazi. Na akaunti inaweza kufungiwa. Ndugu yangu mmoja alikuwa na mavazi ya miaka mitatu humo, siku hizi anatuangalia tukicheza. Kwa gemu la peke yako bila mtandao zitumie upendavyo, kwa la mtandaoni mimi sigusi.

Mzee wa Zabibu

Mjukuu kapata. Nimempigia, nasikia tu kelele za mpira. Ameniambia "babu asante" bila kuniangalia, ingawa ni simu, nimejua tu. Yule waya wa kwanza ulikuwa wa chaji kama alivyosema fundi, wa redio ndiyo umekubali.

Mleta mada, umemwambia bosi wako?

Mtoto wa Nkuhungu

Mzee hapo ndipo pananisumbua. PS haiamki tena usiku, siku ya nne leo. Bosi ana furaha, anasema "yameondoka." Nikimwambia ni mimi, ataona zile usiku tatu za umeme. Nikikaa kimya, zile elfu nne alizonikata ndiyo zimeenda.

Fundi Redio

Tuhesabu basi, hesabu haina jini. PS4 iliyokaa kwenye menyu bila gemu haifiki wati 100. Tuseme 100. Kwa muda wa saa tisa, tangu saa sita usiku mpaka saa tatu asubuhi, ni wati-saa 900, haifiki unit moja. Usiku tatu hazifiki unit tatu. Mimi nikinunua LUKU elfu moja napata unit mbili na kitu. Umekula umeme wa kama elfu moja na mia kidogo, ukakatwa elfu nne. Anayedaiwa siyo wewe.

Padi Mbili

Usimwambie. Elfu nne ni mechi nane.

Binti Kondoa

Mwambie. Atajua tu, siku mteja atakapokuja na padi yake kutoka nyumbani jambo lile lile litatokea na wewe ndiye utakuwa unasimamia. Tena mfundishe: padi akitaka irudi kwenye PS anaichomeka kwa waya wa USB na kubonyeza PS, inamkumbuka tena mwenyewe wa zamani. Atakuona una maana.

Mzee wa Zabibu

Mwambie mwanangu. Lakini mchana, akiwa ameshakula.

Mtoto wa Nkuhungu

Nimemwambia leo, saa nane, kashiba wali. Nikamwonyesha: padi ikiwa mkononi mwangu, simu nimezima, nikachomeka waya kwenye PS, nikabonyeza, nikachomoa, nikalaza PS. Nikatoka nje mpaka kwenye mlango wa chumba changu, nikabonyeza. "Tii."

Akakaa kimya muda. Sikujua kama nikimbie. Halafu akacheka, akasema elfu nne nitapewa mwisho wa mwezi. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Kwa hiyo yale maji niliyoambiwa ninyunyizie juu ya PS…?"

Fundi, PS ikinyunyiziwa maji pale juu kwenye matundu ya hewa, mtu aanze na nini?

Fundi Redio

Usiiwashe! Chomoa waya wa umeme ukutani sasa hivi. Alinyunyiza lini?

Mtoto wa Nkuhungu

Ijumaa ya wiki iliyopita.

Fundi Redio

Na tangu hapo mmechezesha?

Mtoto wa Nkuhungu

Kila siku. Hata sasa kuna wawili wako dakika ya sabini na mbili.

Fundi Redio

Basi waache wamalize.